Benchi Lililokuwa Likiita

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mama, mimi na paka asiye na shukrani. Sisi ni wazima. Mama anasema ukitaka kujua hali yake nikuambie anakula na anagomba, mengine utajaza mwenyewe. Macho ndiyo yamezidi kufifia. Sasa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita mlangoni, na kivuli hicho anakigombeza kabla hajajua ni cha nani. Seremala anakusalimu pia. Bado ananiletea fremu za makochi zilizopinda, halafu anadai kilichopinda ni macho yangu.

Baada ya salamu, nina neno, na usicheke kwanza. Nimeacha mtandao.

Wewe hujui nilikuwa nimefika wapi. Asubuhi kabla sijanawa uso, niko humo. Karakanani, sindano mkono huu, simu mkono ule, kochi la mteja limekaa uchi siku nenda rudi mpaka seremala akaanza kulifunika kwa aibu. Nilikuwa nafungua nikuone wewe tu, basi. Nikija kutoka huko chai imepoa, bando limekwisha, na nimeshajua harusi za watu nisiowajua, ugomvi wa watu nisiowajua, na chakula walichokula hao hao baada ya kupatana.

Jumapili iliyopita mchana nilikuwa nimekaa na mama sebuleni.

"Uko wapi?" akaniuliza.

"Niko hapa, mama. Si nimekaa mbele yako."

"Nimekuuliza uko wapi."

"Namwangalia Chiriku. Ameweka picha."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu, mama. Anatabasamu."

"Anamtabasamia nani?"

Nikaiangalia ile picha tena na tena nikitafuta jibu. Mdogo wangu, nimekuona kila siku tangu uondoke, na sijui unakula na nani, sijui ukiumwa nani anakuchemshia maji. Ninachojua ni kwamba gauni lako la kijani limepungua kifungo, na kwamba dirisha lako linatazama bustani. Najua pia kila picha umekalia kiti kipya. Mtu mmoja viti vyote hivyo vya nini? Unanishinda hata mimi mwenye karakana.

Na sikupigii, wala wewe hunipigii. Kila nikitaka kukupigia nachungulia mtandaoni kwanza, nakuona unang'aa, najiambia mzima huyu, nitampigia kesho. Kesho nayo inakuja na picha yake.

Kwa hiyo sitazami tena. Ukitaka nijue kitu, niandikie. Usiniambie habari za simu: mama anaishika kinyume, anapiga kelele, ikikatika basi imekwisha. Barua ataniambia nirudie mpaka niikariri. Anwani hii nimeitoa kwenye kile kifurushi cha shuka ulichotutumia. Simu yangu nimeiweka mahali ambapo mkono hautaifikia kirahisi.

Wako,
Sindano


Tarehe 11 Machi

Chiriku,

Hujambo huko uliko? Huku mama hajambo, paka hajambo, seremala ameng'olewa jino na kwa siku mbili tulikuwa na amani karakanani. Nimesubiri barua yako mpaka mpeleka barua ameanza kunikwepa. Naandika tena, labda ile ya kwanza imepotea. Kama haikupotea na umenyamaza tu, basi hii nayo utaisoma ukiwa umenyamaza.

Nikusimulie kilichonipata, angalau ucheke peke yako huko.

Nilikuambia simu nimeiweka mbali. Siku ile ile nilikuwa namalizia benchi la kinyozi wa pale kona, lile refu wanalokalia wateja wakisubiri zamu. Nikahofia mkono utanisaliti, nikaichomeka simu chini ya sponji, juu ya mbao, nikasema nitaitoa wakati wa kufunga. Mara akaingia mteja, tukabishana rangi ya kitambaa mpaka akaondoka na ile aliyoikataa mwanzoni. Nikarudi kwenye benchi, nikavuta ngozi, nikakunja pembe, nikapiga misumari. Chiriku, ilikuwa kazi safi! Sijashona vile siku nyingi. Kumbe mikono bado ninayo. Seremala na kinyozi wakalibeba benchi lao wakaenda, nami nikarudi nyumbani nikijisifu. Nilikuwa nakoroga chai ya mama nilipojipiga paji la uso.

Nilichelewa kwenda, kwa kuwa kesho yake mama alikuwa na miadi ya macho. Nilipofika kwa kinyozi, kesho kutwa yake, alinipokea na mkasi mkononi.

"Fundi, benchi lako limerogwa!"

Limeita kuanzia siku lilipofika. Nawe unajua simu yangu nilivyoiweka sauti ya juu kabisa kwa sababu ya nyundo. Likiita, wateja wote wanapapasa mifuko. Mzee mmoja, povu limemjaa kidevuni, alisimama akasema si yake, na hakuna aliyemuuliza. Mwingine alishuka akaenda kukaa nje juani. Kinyozi alikuwa ameshaamua kulirudisha, ndipo likanyamaza lenyewe. Chaji ilikwisha.

"Nani alikuwa anakutafuta hivyo?" akaniuliza.

"Wateja," nikamwambia. "Wateja wana haraka siku hizi."

Nilikuwa na kisu mkononi. Kukata uzi ni kazi ya dakika chache. Nikasimama nikaitazama ile kazi yangu safi, nikajua nikiitoa ile simu nitakaa pale pale nikutafute, na jua litanizamia nikiwa kwa kinyozi. Nikarudisha kisu. Nimeiacha humo humo. Namba yako nayo imo humo, siijui kichwani, kwa hiyo usishangae sijapiga. Wateja wananipata kwa simu ya seremala.

Sasa nikuambie ukweli. Nilidhani nitapumzika. Mkono bado unaingia mfuko wa aproni kutafuta kitu kisichokuwemo, na dole gumba linasugua kitambaa lenyewe kama lina wazimu. Hilo nalivumilia. Lakini kutokukuona ni kubaya kuliko nilivyodhani. Nimekukumbuka mpaka nimemkumbuka yule mtoto aliyekuwa anaongea hata akipiga mswaki, hadi baba akampa jina la ndege. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake. Mimi ni mzima, kazi inaendelea.

Barua zako mbili zimenifika siku moja. Nilihama kile chumba, na mwenye nyumba wa zamani alizihifadhi kwa usalama hata akasahau alipozihifadhi. Nimekutana naye sokoni ndipo akakumbuka.

Waliokuwa wanapiga simu hawakuwa wateja. Nilikuwa mimi.

Wewe ulikuwa unaangalia picha zangu. Mimi nilikuwa naangalia jina lako. Ukiweka picha, mtandao unakuonyesha nani ameshaiona, na jina lako lilikuwa linatangulia siku zote, hata kabla sijafunga mlango vizuri. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa "umeamkaje" yako. Nikiliona naenda kazini. Kuna siku nilikuwa sina la kuonyesha, nikaweka picha hivyo hivyo, ili unione tu, nami nione kwamba umeniona. Kutwa nzima nachungulia nani kaingia, hata kama wewe umeshaingia. Kwa hiyo usidhani una wazimu peke yako.

Siku ile jina halikuja. Nikasema amechelewa kuamka. Nikaweka nyingine. Wakaja watu chungu nzima, wengine siwajui hata kwa sura, wakalisifia gauni. Wewe hukuwepo. Nikamuwaza mama. Nikapiga, dada, nikapiga, nikawa natoka nje nikidhani labda ndani mtandao ni mbovu. Siku ya pili nimepiga mpaka sauti ya yule mwanamke ikaniambia namba haipatikani. Namba ya nyumbani niliyonayo ni yako tu. Nikafungasha begi. Nikalifungua. Kwa nini sikuja, usiniulize.

Na wewe ukamwambia kinyozi ni wateja wenye haraka.

Namba yangu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Habari za viti tuziache.

Chiriku


Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na mama anasema marahaba yake ameiweka, atakupa mkononi. Tunashukuru u mzima. Nilipomsomea barua yako alinyoosha mkono akaichukua, akaishikilia kifuani kwa muda, kisha akanirudishia na kuniambia nilikuwa naisoma haraka mno.

Tulipopigiana kwa simu ya seremala, kule kwake, nilirudi nyumbani na huzuni zaidi kuliko nilivyotoka. "Mko wazima?" Wazima. "Mama mzima?" Mzima. "Haya." Nilikuwa nimejaza kifua maneno, yote yakaganda. Mama naye alishika simu, akasikiliza, akairudisha. Tukiwa njiani akasema, "Yule si Chiriku. Chiriku huwa hakomi."

Nilienda kwa kinyozi. Nikakaa kwenye benchi.

"Umekuja kunyoa?" akaniuliza.

"Nimekuja kukaa."

Alinitazama, akaendelea na kichwa cha mtu. Nilikaa pale pale katikati, ninapopajua, nikaweka kiganja juu ya ngozi. Nilikuwa najua hakuna kitakachoita. Lakini nilifikiria ulivyokuwa unatoka nje na simu sikioni, na huku wazee wanapapasa mifuko yao, na mimi niko nyumbani nakoroga chai. Nililia, Chiriku, mbele ya watu waliokuja kunyoa. Kinyozi akanipa taulo la wateja, lina nywele, likanizidishia.

Nimekuelewa, ndiyo maana nakuomba nawe unielewe. Sitarudi kukuonyesha jina. Jina ni kitu kidogo sana, na mimi nina mengi ya kukuambia. Nawe una mengi, usinifiche.

Mama ana swali lake. Nilikuwa namsimulia zile picha, na katika zote alipenda dirisha. Anauliza: bustani hiyo ina miti gani, na ndege wanakuja?

Mimi swali langu ni lile lile la viti. Umesema tuziache. Siachi.

Sindano


Tarehe 24 Mei

Mama yangu na dada yangu,

Shikamooni. Dada, msomee mama polepole na usiruke hata pale utakapotaka kuruka. Barua hii nimeianza mara nyingi. Mara naishia kwenye shikamoo, mara naona afadhali nipige picha yangu nikitabasamu niwatumie yaishe. Leo nimepiga moyo konde.

Mama, lile dirisha halina miti. Ni karatasi kubwa yenye picha ya bustani, imebandikwa ukutani, nyuma yake kuna taa. Ndege wapo, wamechorwa. Hawajawahi kuruka.

Nafanya kazi kwenye duka kubwa la samani. Wamepanga vyumba vya uongo humo ndani, sebule, chumba cha kulala, kila kimoja na kochi lake na dirisha lake la karatasi. Vitabu vya kwenye rafu ni maganda matupu. Mimi napangusa viti. Naanzia mlangoni na kitambaa changu, nikifika mwisho vya mlangoni vina vumbi tena.

Unakumbuka, dada, nilivyoondoka? Nimesimama karakanani na begi, nikasema kwa mbwembwe zote kwamba naenda mahali nitakapokaribishwa kiti, nimechoka kuwatengenezea wengine. Seremala akanipigia makofi. Basi viti nimevikuta. Ila mfanyakazi haruhusiwi kukaa. Ni sheria ya duka, tangu kufungua mpaka kufunga tunasimama. Zile picha ulizoziona, ndiyo nafasi niliyokuwa napata. Msimamizi akigeuza kisogo nakaa haraka, natabasamu, napiga, nasimama. Unauliza viti vyote vya nini. Nilikuwa nakaa kwa muda wa picha tu.

Ndiyo sababu nililifungua begi. Nilikuwa naogopa kukuta msiba, na nilikuwa naogopa pia kukuta mko wazima na mnaniuliza habari za huko.

Chumba changu cha sasa kina dirisha la kweli, mama. Linatazama ukuta wa jirani na bomba, na soksi za mtu ambazo hajawahi kuzianua tangu nihamie. Tumeanza kuzizoea, mimi na mpangaji mwenzangu. Yeye anauza viatu na ana kwikwi isiyoisha, akicheka ndiyo anaharibu kabisa. Yeye ndiye aliyenichemshia maji nilipoumwa, dada, kama ulikuwa unataka kujua. Niliumwa Januari. Siku hiyo niliweka picha ya zamani.

Kuna kitu nafanya hapa ambacho hakuna anayekijua. Nikiliinamisha kochi nipanguse chini, nachungulia tumbo lake. Gundi tupu, na pini. Hakuna mtu aliyekaa na sindano akavuta uzi. Huwa nasikia sauti yako ikisema "takataka", na misumari imekujaa mdomoni. Natamani ile sauti. Natamani harufu ya sponji mpya na kelele za seremala, na mama akituita chai kama vile tuko ng'ambo ya mto, ilhali karakana imeungana na nyumba kwa ukuta tu. Nimewakumbuka mpaka mwili unauma.

Mtandaoni na mimi nimetoka. Baada ya jina lako kutoweka nilijaribu kuendelea, nikapiga picha kwenye kochi la bluu, nikaitazama kabla sijaiweka. Swali la mama likaja, lile la ninamtabasamia nani. Nikaifuta.

Mnaona? Nimeanza, sijui nikomee wapi.

Chiriku wenu


Tarehe 9 Juni

Chiriku,

Hatujambo, na salamu leo nazifupisha kwa sababu mama amesimama mgongoni kwangu anasimamia kazi.

Nilimsomea yote polepole. Pale pa ndege wa kuchorwa alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale anaposema haruhusiwi kukaa." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Akaniambia nikuandikie kwamba kiti kipo. Nimemuuliza niongeze nini, amesema hakuna cha kuongeza.

Mimi naongeza. Benchi la kinyozi limechanika. Wateja wake wamesikia ile hadithi, sasa kila anayekaa analidunda aone kama litaita, na pembe moja imeachia. Kinyozi anataka nilifumue nilishone upya, na kila asubuhi anakuja kuniuliza lini. Nimemwambia asubiri. Benchi refu vile ni kazi ya watu wawili, mmoja avute ngozi, mwingine apige misumari, na mwenzangu hajafika. Seremala alijitolea. Nikampa nyundo ya baba, ile uliyokuwa unaishika kwa mkono wa kushoto, akajigonga kidole akausingizia mpini. Nimeirudisha kwenye droo yako.

Sitazikata hizo nyuzi bila wewe. Uje, nikifumua, uingize mkono uitoe simu mwenyewe. Ulipiga wewe.

Dada yako anayekungoja


Tarehe 20 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeaga kazini. Msimamizi aliniuliza ninaenda kufanya nini, nikamwambia kuna benchi la kinyozi linanisubiri, akadhani namtania. Kabla sijatoka nilikwenda kwenye kochi kubwa la katikati ya duka nikakaa, bila simu, nikakunja na miguu. Hakuna aliyenisimamisha.

Mpangaji mwenzangu analia na kwikwi zake. Begi nimelifungasha na safari hii sijalifungua.

Mwambie mama akiona kivuli mlangoni akigombeze kama kawaida yake.

Usiijibu barua hii. Haitanikuta.

Chiriku